Postfix inagoma kusakinishwa: panda juu, usiishie mstari wa mwisho

Swali limetoka kwa fundi wa kompyuta kwenye SACCO moja mjini Busia, upande wa Uganda. Linahusu Postfix, programu ya seva inayotuma na kupokea baruapepe, na Dovecot, inayowapa watu barua zao. Nimelifupisha bila kuligeuza maana:

"Mwalimu, habari za kazi. Wakubwa wangu wanataka baruapepe za ofisi zenye jina letu wenyewe. Nimepewa kompyuta ya zamani, nikaweka Ubuntu Server 22.04, na intaneti ni ya ruta ya laini ya simu. Kila nikisakinisha Postfix na Dovecot, mwisho naona `E: Sub-process /usr/bin/dpkg returned an error code (1)`. Nimeondoa na kuweka upya, nimefuta faili za lock kama alivyonielekeza rafiki, na Ubuntu yenyewe nimeirudia mara mbili tangu mwanzo. Kosa ni lilelile na bando linakwisha. Je, nibadilishe programu? Nimekunakilia hapa chini yote yaliyotokea kwenye skrini."

Ndugu yangu, pole kwa usiku wote ulioukesha. Nikuondolee hofu kwanza: kompyuta yako ni nzima, Ubuntu yako ni nzima, na Postfix haina ubaya wowote. Kinachokusumbua ni vitone viwili vilivyofuatana mwishoni mwa jina la mashine. Umenitumia mwenyewe bila kuviona, kwa sababu macho yako yalikimbilia mstari wa mwisho, kama yanavyokimbilia macho ya karibu kila mtu.

Mstari huo wa mwisho ni tarishi tu. `apt` na `dpkg` ni programu za Ubuntu za kusakinisha. `apt` iliituma `dpkg` kazi, `dpkg` ikarudi na kusema imeshindwa, na `apt` ikakuletea habari. Namba 1 pale haielezi chochote zaidi ya kwamba kazi haikwenda. Ukiutafuta mstari huo kwenye intaneti utapata majibu ya printa, ya MySQL, ya kerneli, ya kila kitu, na kila jibu litakupeleka kwenye shimo la mtu mwingine. Ndivyo ulivyofika kwenye ushauri wa kufuta faili za lock, yaani kufuli zinazozuia programu mbili kusakinisha kwa wakati mmoja, ambao haukuhusu shida yako hata kidogo.

Sasa panda juu kwenye maandishi uliyoninakilia. Anza pale palipoandikwa `Setting up postfix`, kisha shuka polepole mpaka ukutane na neno `fatal` la kwanza. Hili hapa, pamoja na onyo lililolitangulia:

`newaliases: warning: valid_hostname: misplaced delimiter: ofisi..`

`newaliases: fatal: file /etc/postfix/main.cf: parameter myhostname: bad parameter value: ofisi..`

Tazama mwisho wa kila mstari. Mashine yako uliipa jina `ofisi`. Postfix imeandikiwa kwamba jina lake ni `ofisi..`, jina lenye vitone viwili nyuma na kisha hakuna kitu. Sheria za majina kwenye intaneti haziruhusu kitone kisichofuatwa na neno katika nafasi ile, kwa hiyo programu ndogo iitwayo `newaliases`, ambayo kazi yake ni kutengeneza orodha ya majina ya badala, ikakataa kuendelea. Ilipokataa, hatua ya mwisho ya usakinishaji ikavunjika, na tarishi akakuletea ile namba 1.

Vitone hivyo vimetoka wapi, na wewe hukuviandika? Hapa ndipo ninapotaka utulie nami, kwa sababu ukielewa sehemu hii utaelewa pia kwa nini kurudia Ubuntu mara mbili hakukusaidia. Toa amri hii:

`cat /etc/resolv.conf`

Nina hakika karibu na chini utakuta mstari `search .`, yaani neno `search`, nafasi, na kitone kimoja peke yake. Katika ofisi kubwa, ruta huiambia kompyuta, "ukitafuta jina fupi, liongezee domeini yetu hii," yaani jina la ofisi kwenye intaneti. Ruta ya laini ya simu haina domeini ya kukupa. Huduma ya Ubuntu inayosimamia majina, `systemd-resolved`, isipopewa kitu huandika kitone kitupu, na kwake hilo ni sahihi kabisa. Lakini hati inayoisakinisha Postfix nayo ina desturi yake: ikikuta mashine ina jina fupi lisilo na domeini, huenda kwenye `/etc/resolv.conf` kuchukua domeini, kisha hulijenga jina kamili kwa kuunga jina fupi, kitone, na ilichokikuta. Jina lako `ofisi`, kitone cha kuungia, na "domeini" ambayo ni kitone. Jumla yake ni `ofisi..`.

Kwa hiyo kila ulipoiweka Ubuntu upya ukaipa jina lilelile fupi, ukaichomeka kwenye ruta ileile, ukapata vitone vilevile. Hata ungerudia mara kumi.

Dawa ni kuipa mashine jina kamili kabla Postfix haijajitafutia yenyewe. Nitatumia `jinalenu.or.ug` badala ya domeini yenu halisi. Wewe weka yenu.

`sudo hostnamectl set-hostname mail.jinalenu.or.ug`

Kisha fungua `/etc/hosts` kwa `sudo nano /etc/hosts`. Utakuta mstari unaoanza na `127.0.1.1` ukifuatwa na `ofisi`. Ubadilishe usomeke hivi:

`127.0.1.1 mail.jinalenu.or.ug mail`

Jina kamili litangulie, jina fupi lifuate. Mpangilio huo una maana, na watu wengi huukosea. Jipime kwa `hostname -f`. Ikirudisha `mail.jinalenu.or.ug`, bila kitone mwishoni, endelea. Isiporudisha hivyo, usiende mbele. Rudi kwenye `/etc/hosts` utafute herufi iliyopotea.

Sasa fungua `/etc/postfix/main.cf` kwa nano, tafuta mstari wa `myhostname`, ufute ule upuuzi wa vitone na uandike jina kamili:

`myhostname = mail.jinalenu.or.ug`

Hifadhi, toka, kisha toa amri ambayo ungeitoa siku ya kwanza kama mtu angekuambia:

`sudo dpkg --configure -a`

Amri hii haitumii bando. Usakinishaji wa kifurushi una hatua tatu: kukipakua kutoka mtandaoni, kukifungua na kuweka faili zake mahali pake, kisha kukisanidi. Wewe ulikuwa umeshapita mbili za kwanza. Unaweza kujionea kwa `dpkg -l postfix`: herufi mbili za mwanzo wa mstari zikiwa `iF`, kifurushi kimefunguliwa lakini usanidi umevunjika katikati, zikiwa `ii`, kimekamilika. Kwako zitakuwa `iF`, nawe ulichotakiwa kufanya ni kumalizia hatua iliyobaki. Kila ulipoanza upya ulilipia tena hatua ambazo ulikuwa umeshazimaliza, na ulizilipia kwa pesa ya bando.

Ikikuuliza tena kwenye ile skrini ya maswali, chagua `Internet Site`. Pale inapotaka jina la barua, weka `jinalenu.or.ug`, bila `mail` mbele. Haya ni majina mawili tofauti na wengi huyachanganya: `mail.jinalenu.or.ug` ni jina la mashine, `jinalenu.or.ug` ni kile kinachokuja baada ya alama ya `@` kwenye anwani za wafanyakazi. Ukitaka mashine izipokee barua za domeini hiyo na kuwagawia watu wake, hakikisha domeini imo pia kwenye mstari wa `mydestination` ndani ya `main.cf`.

Sasa zile faili za lock. Hapa nitasema kwa mkazo, kwa sababu ushauri wa kuzifuta unasambaa kama moto wa kiangazi na unaharibu kazi za watu. Ukiona `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, maana yake kuna mtu mwingine ameshika kazi. Kwenye Ubuntu mara nyingi ni `unattended-upgrades`, huduma inayoweka masasisho ya usalama yenyewe, na huamka muda mfupi baada ya kuwasha mashine. Kwa intaneti ya simu inaweza kuchukua saa nzima. Ujumbe wenyewe hukutajia namba ya mchakato ulioshika. Utazame kwa `ps -p` pamoja na namba hiyo, uone kama bado uko hai, kisha kanywe chai. Ukifuta lock wakati mchakato ule unaandika, umeruhusu mikono miwili kuandika kwenye daftari moja kwa wakati mmoja. Daftari hilo ni `/var/lib/dpkg/status`, ndimo Linux yako inamojua nini kimesakinishwa na nini hakijasakinishwa.

Mimi daftari hilo nimewahi kulikuta tupu. Ilikuwa kwenye ofisi moja mjini Jinja, umeme ulikatika katikati ya usakinishaji, nao hawakuwa na UPS, ile betri ya akiba. Mashine iliporudi, kila amri ya `apt` ilidai kwamba hakuna kifurushi hata kimoja duniani. Nilitoka jasho. Kilichoniokoa ni kwamba Ubuntu na Debian, Linux ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, huweka nakala: iko `/var/lib/dpkg/status-old`, na kuna nakala za kila siku ndani ya `/var/backups`, zikianza na `dpkg.status.0`. Nilirudisha ya jana yake, nikatoa `dpkg --configure -a`, nikamalizia vilivyobaki. Wewe uliyefuta lock mara kadhaa, kabla ya lolote toa `sudo dpkg --audit`. Ikinyamaza, umenusurika. Ikitaja vifurushi, hivyo ndivyo vya kumalizia. Na mkubwa wako umwambie wazi kwamba UPS, hata ndogo, ni sehemu ya seva.

Kwa kuwa kompyuta ni ya zamani, kagua saa yake. Betri ndogo ya duara kwenye ubao-mama, ile CR2032, ikifa, mashine husahau tarehe kila umeme unapokatika. `apt update` itakuambia `Release file` fulani `is not valid yet`, nawe utadhani seva za Ubuntu zimeharibika kumbe kompyuta yako inaishi mwaka mwingine. Betri hiyo ni ya bei ndogo, duka lolote la saa linayo. Weka pia ukanda wa saa kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`, kwa sababu Ubuntu Server isipoambiwa huhesabu kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Ulijaribu saa tatu usiku, logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mashine, inasema 18:00, na kichwani mwako unatafuta 21:00. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo, Waswahili na Waganda pia, tayari tuna hesabu moja ya kufanya kila tunaposoma logi. Hakuna haja ya kuongeza ya pili.

Postfix ikishakubali, utasema `systemctl status postfix` na utaona neno `active`, rangi ya kijani. Usifurahi bado. Kwenye Ubuntu 22.04 na Debian 12, huduma yenye jina hilo ni kivuli. Kando ya `active` utaona limeandikwa `exited`, kwa sababu haifanyi kazi yoyote yenyewe. Inayofanya kazi ni `postfix@-`, jina lenye alama ya `@` na kistari. Nimeona mafundi wazuri wakipoteza siku nzima wakiapa kwamba Postfix inakimbia, kumbe kilichokuwa kijani ni kivuli na mwenyewe ameanguka. Uliza hivi:

`systemctl status postfix@-`

`sudo postfix check`

`sudo ss -ltnp | grep ':25'`

Ya pili ikinyamaza ndiyo habari njema. Ya tatu ikuonyeshe kwamba mchakato uitwao `master` umeshika poti 25, mlango ambao seva hupitishiana barua. Ikionyesha jina lingine, labda Exim, programu nyingine ya barua, uliyoisakinisha wakati wa kujaribujaribu au kontena ya Docker uliyoisahau, basi hapo ndipo unapotokea ule ujumbe mwingine maarufu, `Address already in use`. Zima aliyekalia poti, kisha washa Postfix.

Tuje kwenye Dovecot, mgawaji anayewapa watu barua zao kwenye simu na kompyuta. Hii inasakinishwa bila shida. Inaangukia kwenye usanidi. Kosa ninaloliona kuliko yote liko kwenye faili la `/etc/dovecot/conf.d/10-ssl.conf`, kwenye alama moja. Mstari sahihi kwenye toleo lako ni huu:

`ssl_cert = </etc/letsencrypt/live/mail.jinalenu.or.ug/fullchain.pem`

Iangalie ile `<` kabla ya njia ya faili. Kwa Dovecot, alama hiyo maana yake "soma kilichomo ndani ya faili hili." Ukiiacha, Dovecot itachukua maneno ya njia yenyewe ikidhani ndiyo cheti cha usalama chenyewe. Watu wanaonakili maelekezo kutoka kurasa za wavuti huipoteza mara kwa mara, kwa sababu baadhi ya kurasa humeza alama ile.

Na kabla hujanakili chochote, toa `dovecot --version`. Ubuntu 22.04 ina 2.3. Mwanzoni mwa mwaka 2025 likatoka toleo la 2.4, na usanidi wake umebadilika sana. Mle mstari wa kwanza wa faili lazima uwe `dovecot_config_version`, `ssl_cert` imekuwa `ssl_server_cert_file` na haihitaji tena ile `<`, na `mail_location` imevunjwa ikawa `mail_driver` na `mail_path`. Debian 13 inakuja na 2.4. Kwa hiyo maelekezo mazuri kabisa ya mwaka 2021 yatamwangusha mtu wa Debian 13, na maelekezo mazuri kabisa ya mwaka huu yatakuangusha wewe. Si kwamba mwandishi alikosea. Mnazungumza matoleo mawili. Ukikwama, `sudo doveconf -n` itakutajia faili na namba ya mstari wenye kosa. Ni programu inayosema ukweli vizuri, iamini.

Halafu kuna daraja kati ya hao wawili. Wafanyakazi wakituma barua kutoka kwenye simu zao, Postfix huwauliza nenosiri, na yenyewe humuuliza Dovecot kama nenosiri ni sahihi. Daraja lisipokuwepo utakuta kwenye logi:

`warning: SASL: Connect to private/auth failed: No such file or directory`

`fatal: no SASL authentication mechanisms`

Tena, mstari wa juu ndio unaosema. Wa chini unakufanya udhani umekosa kifurushi fulani, uanze kusakinisha vitu vya Cyrus, programu nyingine ya kuhakiki nenosiri, usivyovihitaji. Wa juu unakuambia soketi (mlango wa programu mbili kuzungumza) iitwayo `private/auth` haipo. Postfix inafanya kazi ikiwa imefungiwa ndani ya `/var/spool/postfix`, kwa hiyo njia hiyo kamili ni `/var/spool/postfix/private/auth`, na anayetakiwa kuitengeneza ni Dovecot. Fungua `/etc/dovecot/conf.d/10-master.conf`, sehemu hiyo imo tayari, imewekewa alama ya `#` mbele. Ondoa alama, mpe mtumiaji `postfix` na kundi `postfix` umiliki wake, anzisha Dovecot kwanza halafu Postfix. Ndani ya `main.cf` iwepo `smtpd_sasl_type = dovecot` na `smtpd_sasl_path = private/auth`.

Mengine mawili nayapita haraka. Ukiona `unsupported dictionary type: mysql`, umekosa kifurushi cha `postfix-mysql`. Ukiona `no local interface found for ::1`, mtu amezima IPv6 kwenye mashine; weka `inet_protocols = ipv4` ndani ya `main.cf` na uanzishe upya.

Swali lako la kubadilisha programu: usibadilishe. Postfix iliandikwa na Wietse Venema alipokuwa kwenye maabara ya IBM, ikatolewa kwa umma mwaka 1998, na Exim ilianza mwaka 1995 pale Chuo Kikuu cha Cambridge kwa mkono wa Philip Hazel. Zote mbili zimebeba barua za dunia kwa zaidi ya robo karne. Ukiihama Postfix kwa ajili ya vitone viwili, jina la mashine litabaki bovu, nawe utakutana nalo tena mlango wa pili.

Ninachotaka ubadilishe ni mahali pa kuiweka seva, na hapa nakuomba usikilize hata kama kitu hiki hukukiuliza. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako utazame anwani ya IP iliyopewa kutoka nje. Kisha kwenye mashine toa `curl -4 ifconfig.me`. Anwani mbili hizo zikitofautiana, na hasa ya kwenye ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, basi kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unaweza kwenda nje, lakini hakuna anayeweza kukufikia ndani. Utasakinisha kila kitu kwa usahihi, utajitumia barua ya majaribio mwenyewe na itafika, kisha mwanachama wa SACCO atawaandikia kutoka Mbale na barua yake haitafika kamwe. Jaribu pia upande wa kutoka:

`nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`

Ikining'inia mpaka ichoke, poti 25 imefungwa na mtoa huduma. Hufungwa kwa sababu ya kuzuia barua taka, wala si wewe uliyelengwa.

Njia yenu, kwa maoni yangu, ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya kudumu, na hiyo kompyuta ya zamani ibaki kuwa ya kufanyia mazoezi. Kabla ya kulipa, muulize mwenye seva mambo mawili kwa maandishi: je, poti 25 iko wazi kwa kwenda na kurudi, na je, mtaniwekea rekodi ya PTR, ile inayogeuza anwani ya IP kuwa jina `mail.jinalenu.or.ug`? Akisita kwenye moja, tafuta mwingine. Tangu Februari 2024 Google inadai kila anayewatumia watu wa Gmail awe na PTR sahihi, asafirishe kwa TLS (njia ya kuficha barua ikiwa safarini) na awe na SPF au DKIM (rekodi za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeini yenu). Bila hayo barua zenu za kuwakumbusha watu marejesho ya mkopo zitaangukia kwenye taka.

Kuhusu umeme kukatika, hofu hiyo ipunguze. Barua haipotei kwa sababu seva yako ililala saa sita. Seva inayotuma huishikilia na kurudia kujaribu. Postfix kwa kawaida yake huishikilia siku 5 kabla ya kumrudishia mwenyewe. Kilicho hatari kweli ni kuufungua mlango. Usije ukaandika `0.0.0.0/0`, yaani dunia nzima, kwenye `mynetworks`, orodha ya wanaoruhusiwa kutuma bila nenosiri, eti ili "ikubali kutuma." Utakuwa umewaambia matapeli wa dunia nzima watume kwa jina lenu, na jina la SACCO likishaingia kwenye orodha za watuma taka, kulitoa ni kazi ya wiki kadhaa. Ninyi mnashika taarifa za fedha za watu, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019. Wakubwa wako walijue hilo kabla barua ya kwanza haijatumwa.

Kwa leo jioni, fanya sehemu ya kwanza tu: jina, `/etc/hosts`, `main.cf`, `dpkg --configure -a`. Ni kazi ya dakika kumi na haitagusa bando. Dovecot iache mpaka kesho ukiwa umelala.

Ikigoma, niandikie tena. Nitumie maandishi yote kuanzia `Setting up postfix` mpaka mwisho, matokeo ya `postconf -n`, na yaliyomo kwenye `/etc/hosts` na `/etc/resolv.conf`, ukishafuta nenosiri lolote litakalokuwamo. Nakili maandishi kama ulivyofanya safari hii, usipige picha skrini kwa simu. Vile vitone viwili nisingeviona kwenye picha.